Hoteli ya Njia Hakuna

Siku tuliyomzika Bi Zaina ukungu ulishuka Lushoto mpaka ukaingia madukani. Wanaume walimbeba kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani kwake juu ya mikeka, wengine wakisoma, wengine wakimenya vitunguu vya chakula cha msiba. Mimi, Mlutheri mzee, nilikuwa katikati yao, kanga kichwani kama wenzangu, kisu mkononi kama mtu wa nyumbani. Hakuna aliyeniuliza nahusianaje na marehemu. Wakubwa walijua, na wadogo waliona tu jinsi nilivyokuwa nalia. Watu waliporudi na kula, mjukuu wake Shabani, ndiye anayeendesha hoteli siku hizi, alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Shikamoo bibi." "Marahaba, baba. Pole sana." Akaniambia kwamba wageni wanaopanda huku kutembea milimani hucheka wakitafsiriwa kibao chake, na wapo vijana wenzake wanaomshauri abadilishe jina, aandike "bistro", aongeze jina la ua au la mlima. Nikamuuliza bistro ni nini. Akasema ni hoteli ndogo ya mtaani, watu wa jirani wanaingia bila kualikwa na mpishi anajua kila mmoja anapenda nini. "Basi bibi yako alikuwa nayo kabla baba yako hajazaliwa," nikamwambia, "hakujua tu kwamba inaitwa hivyo." Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini jina, bibi. Njia Hakuna! Nani anaita mahali pa kula Njia Hakuna?" Amekulia chini ya kibao hicho na hakuna aliyewahi kumweleza, kwa sababu sisi tuliokuwepo tulidhani kila mtu anajua. Nikamweleza palepale mkekani. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo mtu hamwambii kijana siku ya msiba.

Ulikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Nilikuwa nimemaliza shule ya masista na nilikuwa nimechumbiwa na Elia, mwalimu kijana wa upande wa Mlalo, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyemjua. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya mavuno. Sikuwa na la kufanya ila kungoja, na mimi kungoja sikukuweza tangu utoto. Ndipo nikasikia kwamba Bi Zaina, aliyekuwa akiuza maandazi sokoni, ameungana na Mama Hilda, aliyepika miaka mingi katika nyumba ya wageni ya misheni, na kwamba wanataka kufungua hoteli na wanatafuta msichana wa kuwasaidia. Nilikwenda siku hiyohiyo. Bi Zaina alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye sauti ya kuita kuku upande wa pili wa bonde. Mama Hilda alikuwa mrefu na mzito, anasema neno moja pale ambapo mwenzake anasema kumi. Walinitazama mikono kwanza. "Unajua kusonga?" akauliza Mama Hilda. Nikasema najua. "Unajua kunyamaza wateja wakiongea upuuzi?" akauliza Bi Zaina. Nikasema hilo nitajifunza. Wakatazamana, wakacheka, nikapewa mwiko.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la zamani la magome ya miwati, mwisho kabisa wa mji, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Soni na Mombo. Mpaka leo nikipita karibu na miti hiyo harufu yake hunirudisha mle ndani. Tulipasugua kwa maji ya majivu, tukapaka chokaa, na bado ukuta ulikuwa ukitoa harufu ile kali, tamu kidogo, kila mvua ikinyesha. Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mawili ya mbao, meza ndefu ambazo seremala mmoja alitutengenezea kwa mikaratusi mibichi, zikapinda zilipokauka hata bakuli likiwekwa upande mmoja mchuzi ulijikusanya upande wa pili. Nyuma, mbao tu zikitutenga na wateja, palikuwa jikoni. Tulipika makande ya mahindi mapya na maharage, viazi kwa maziwa ya mgando, mboga za majani za kila aina ambazo akina mama wa Magamba walituletea zikiwa bado na umande, na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi hata mtu akikohoa alisema amepona. Nyama ilipopatikana, Mama Hilda ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ichinjwe na Mwislamu. "Mungu wangu hana neno," alisema, "na wateja wa dini zote watakula bila kuuliza." Ijumaa iliyofuata, Bi Zaina alipokwenda msikitini, alimwachia Mama Hilda funguo za jengo lote.

Nilijifunza nchi yangu nikiwa nimegeuzia wateja mgongo, napuliza moto. Kupitia zile mbao nilisikia madereva, walimu, wazee wa vijijini, watu wa ofisini. Walibishana juu ya vijiji vya Ujamaa, juu ya nani atalima wapi, juu ya matuta ambayo wakoloni waliwalazimisha kulima na kama serikali yetu wenyewe nayo italazimisha. Niligundua jambo moja: wakizungumza habari za serikali walisema Kiswahili, na mazungumzo yakifika kwenye ardhi waligeukia Kishambaa na sauti zikashuka. Bi Zaina alipenya katikati ya mabishano na birika lake akiuliza "Nani hajaongezewa?" na mara nyingi ugomvi uliishia hapo.

Lakini si kila mtu alifurahi. Kamati ya mji ilikuwa imetupa jengo kwa majaribio tu, mpaka mvua za masika zikatike, kisha ikae tena iamue. Aliyetupinga waziwazi alikuwa Mzee Kaniki, mjumbe wa kamati, mwenye kofia ya pama aliyovaa mvua na jua. Alisema jengo lifanywe ghala la mboga za ushirika. Alisema pia, na hili lilizunguka mji mzima, kwamba wanawake wakipewa hoteli watapika fitina. Wakati ule neno "mwanamke wa hotelini" lilikuwa na maana yake, na haikuwa nzuri. Neno lile lilifika Mlalo. Asubuhi moja alikuja Mzee Natanaeli, mjomba wake Elia na mshenga wetu, aliyekuwa ameleta doti ya kanga nyumbani kwetu siku ya uchumba. Nilimwamkia, akaitika, akakataa kukaa. "Binti," alisema akiwa amesimama mlangoni, "sisi tulichumbia mwanafunzi wa masista. Hatukuchumbia mpishi wa madereva." Nilimwomba asubiri mpaka mvua zikatike, kamati ikishaamua. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema atasubiri, lakini Elia hana subira nyingi. Alipoondoka, Mama Hilda, aliyesikia kila kitu kupitia mbao, alinipa karai la maharage ya kuchambua. "Chambua," alisema. "Mikono ikifanya kazi kichwa hutulia." Nilichambua maharage yale hata mengine mazima nikayatupa.

Mvua za mwaka ule zilianza kama nyingine zote, kisha hazikukoma. Ukungu ulikaa bondeni kutwa nzima. Nguo hazikukauka, kuni zilitoa machozi badala ya moto. Asubuhi ya siku ya soko basi lilipita mbele yetu likiteremka kwenda Mombo, limejaa mpaka kwenye ngazi, na kabla chai ya saa nne haijachemka tukaliona linarudi kinyumenyume, halina hata pa kugeuzia, abiria wakitembea nyuma yake wakiwa na matope mpaka magotini. Mlima ulikuwa umeporomoka kabla ya kufika Soni. Barabara, alisema dereva, haikuharibika, haipo. Mahali alipopita jana palikuwa na kilima kipya chenye miti imesimama wima. Namshukuru Mungu hakuna aliyefukiwa. Lakini njia yetu ya magari ya kwenda chini ilikuwa ile tu.

Watu walijaa mwisho ule wa mji kama maji yanayojikusanya kwenye ukuta. Kulikuwa na watu wa Mtae na Mlalo waliotembea usiku kuwahi basi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa akirudi kwa mumewe Magoma, wauguzi wawili wa kwenda Bumbuli, watu wa Tanga waliopanda kwa ajili ya harusi. Walisimama chini ya upenu wetu, wakilowa mabega. Mama Hilda alifungua kifuniko cha pipa la unga, akatazama ndani, akakifunga. "Unga tulio nao ni wa wateja wetu wa kila siku," alisema. Bi Zaina alikuwa tayari amefunga kanga kiunoni. "Na hao nje ni nani? Ni wateja wa kila siku, ila hawajajijua." Mama Hilda alifikiri kwa muda wa kupumua mara moja, kisha akaniambia niteleke sufuria kubwa. Mwenye nacho atatoa, walikubaliana, asiye nacho atakula, na hakuna atakayeulizwa yeye ni yupi kati ya hao.

Katika waliokwama alikuwemo bwana mkubwa mmoja kutoka mkoani, aliyekuja kukagua kazi za vijiji. Dereva wake, amevaa koti zuri, aliingia akipita mbele ya foleni na kuuliza bwana ataandaliwa chumba gani. "Chumba ni hiki," alisema Bi Zaina. Dereva akauliza chakula cha bwana kitapikwa wapi. "Sufuria ni hii." "Mama, unajua unamzungumzia nani?" Bi Zaina aliinua upawa juu, mchuzi ukidondoka, na kwa ile sauti ya kuita kuku akasema, "Namzungumzia mtu mwenye njaa. Wenye njaa foleni yao imeanzia mlangoni." Mimi nilishika mwiko kwa mikono miwili, nikiona jengo letu linakwenda. Kumbe bwana mwenyewe alikuwa amesimama kizingitini, amesikia yote. Alivua kofia iliyolowa, akaenda akasimama nyuma ya yule mama wa Magoma mwenye mtoto. "Ndugu," alimwambia dereva wake, "njoo usimame. Azimio limetufuata mpaka huku." Watu walicheka, nyumba ikajaa joto, na bwana yule alikula makande kwenye bakuli la bati lililobonyea, akaomba aongezwe, akaongezwa sawa na wengine. Kila siku mpaka njia ilipofunguka alisimama foleni, na zamu yake ilipofika alimsalimia Bi Zaina, "Mama, mwenye njaa amefika."

Siku ya pili alikuja fundi wa idara ya barabara, na kibao alichokiandika kwa haraka kwa rangi nyeusi: NJIA HAKUNA. Alitaka kukisimika pale mteremko unapoanza ili magari yasipite, lakini kila alipochimba shimo lilijaa maji na nguzo ikalala. Mwishowe alichoka, akakiegemeza kwenye ukuta wetu, juu kidogo ya mlango, na kukikaza kwa msumari. "Ni kwa muda tu, mama," alimwambia Mama Hilda. Sisi wala hatukukitazama tena. Tulikuwa na kazi. Wakulima wa mabondeni kote walikuwa na kabichi na viazi ambavyo vingekuwa Tanga siku ile, na sasa vilikuwa vinaoza kwenye magunia. Mzee mmoja wa Mkuzu alifika na punda, akashusha kabichi mlangoni. "Zitakufa bure," alisema. "Afadhali zife tumboni." Baada yake walikuja wengine. Kabichi zilijaa mpaka chini ya meza, wateja wakaegeshea miguu. Vijiji vilikuwa vimeanza kutoa watu wa kwenda kufukua, kila kijiji kwa zamu yake, na majembe yao na makoleo yao, wakiimba wakiteremka na wakirudi kimya. Walikula kwetu asubuhi na jioni. Wasichana wa jirani walikuja kusaidia bila kuitwa. Tulipika kabichi kwa viazi, viazi kwa kabichi, na siku za furaha, vyote viwili kwa maharage.

Kisha chumvi ikaisha. Ilikuwa imeisha madukani, imeisha majumbani, hata ile ambayo bibi vizee huficha kwenye kibuyu. Mama Hilda alionja sufuria, akaweka mwiko chini. "Chakula cha namna hii wanapewa watu walioadhibiwa," alisema. "Hawa hawajakosa kitu." Tulikuwa tumesikia kwamba malori yenye chumvi na unga yamesimama Soni, upande wa pili wa kifusi. Asubuhi ilipopambazuka Mama Hilda alivua viatu, akavifungia kwenye kanga, akatoka, nasi kina mama na wasichana tukamfuata kwa mstari. Bi Zaina alibaki kwenye sufuria. Miguu yake ilikuwa mibovu na alilia kwa hasira kuachwa. Tulifika penye maporomoko tukawakuta mamia ya watu wamejipanga juu ya udongo mwekundu kama mchwa. Msimamizi alituzuia. "Akina mama, rudini. Udongo bado unatembea." Mama Hilda hakusimama. "Na sisi tunatembea," alisema, akashika kijia cha juu kinachopita kwenye miwati, nasi nyuma yake, tukishikana kanga, tukikanyaga mizizi kwa sababu kati ya mizizi hapakuwa na kitu cha kuaminika.

Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, kila mmoja na kifurushi chake cha chumvi kichwani, tulikuwa tumebakiza kipande kidogo kuingia barabarani ardhi iliponiondokea. Sikusikia kishindo. Nilihisi tu miguu inakwenda bila mimi, kisha nikawa nimezama kiunoni kwenye tope lililokuwa linateremka polepole, mkono mmoja umeshika mzizi, mwingine umeshika chumvi. "Tupa mzigo, Yustina!" alipiga kelele Mama Hilda. "Tupa!" Ningeweza kutupa. Nilikumbuka uso wa Bi Zaina tulipomwacha na sufuria isiyo na chumvi, nikakumbuka wale watu wanaorudi kimya, na nikasikia sauti yangu inasema, "Nipeni mkono, chumvi haiendi mahali." Wanaume walikuja wakikimbia. Aliyenifikia kwanza alilala kifudifudi juu ya tope, akaninyooshea mpini wa jembe, na nilipoushika na kuinua macho nikaona pama. Alikuwa Mzee Kaniki. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, wengine wakimvuta yeye miguu, nikatoka kama mhogo unavyotoka ardhini, na kifurushi kikiwa kikavu.

Elia alikuwa miongoni mwa waliokuja. Kijiji chake kilikuwa na zamu siku ile. Alinifuta tope usoni kwa leso yake. Hilo sitamnyima, aliogopa kweli kunipoteza. Lakini alipohakikisha mimi mzima alitazama nyuma, akashusha sauti. "Mjomba yuko hapa. Amekuona." Nikamuuliza ameniona nikifanya nini. "Umebeba mzigo kama mpagazi, mbele ya wanaume wote hawa, nguo zimekushika mwili. Anasema leo ndiyo mwisho, uchague." Nikamwambia, "Mjomba nimemsikia. Wewe unasemaje, Elia?" Alikwangua tope kwenye jembe lake. Yule mtu mwenye mwandiko mzuri hakupata neno moja la kuniandikia pale hewani. "Mimi," alisema mwishowe, "namsikiliza mjomba." Nilikuwa na baridi, na bado nakumbuka jinsi nilivyojiona mrefu ghafla. "Msikilize vizuri, basi," nikamwambia. "Na umwambie kanga zake nitazirudisha mwenyewe, mvua zikikatika." Nikainama, nikapachika ngata, Mama Hilda akanitwika chumvi, tukaondoka. Njiani nililia. Mama Hilda alitembea mbele yangu bila kugeuka, ila alipunguza mwendo ili nisiachwe.

Tulipoingia mjini walituona tangu mbali. Vigelegele vilianzia hotelini, vikapokelewa sokoni, wanawake ambao siku za nyuma walinung'unika tukipita walitoka wakitupa kanga zao chini tupite juu yake. Bi Zaina alikipokea kifurushi changu kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto mchanga, na aliponiona macho aliuliza tu, "Amesemaje?" Nikamweleza. Hakunipa pole. Alichota chumvi, akatia sufuriani, akakoroga, akanipa mimi mwiko nionje wa kwanza kabla ya bwana mkubwa na kabla ya mtu yeyote. "Imekolea?" akauliza. Nikasema imekolea. Mpaka leo, katika nyumba zote nilizoingia, na nimealikwa kwenye meza za watu wazito, sijaonja tena kabichi kama ile.

Njia ilifunguka masika yakielekea ukingoni. Waliokwama waliondoka asubuhi moja wote, wakatuaga kwa kutushika mikono, bwana mkubwa akiwa wa mwisho, na ghafla chumba kikawa na meza tu na harufu ya miwati. Tulikaa sote watatu kwenye benchi moja tukitazama mlango. Sikuwahi kumwona Bi Zaina amekaa wakati wa mchana. "Labda walituhitaji kwa sababu walikwama," alisema. Ndivyo nasi tulivyokuwa tunaogopa. Alasiri ile kamati ilikaa bila kungoja mvua zikatike, tukaitwa. Tulisimama ukutani kama wanafunzi. Mwenyekiti aliuliza nani ana neno kabla ya kuamua, na Mzee Kaniki akainuka, akavua pama, jambo ambalo wengi walikuwa hawajawahi kuliona. "Mimi nilisema hawa watapika fitina," alisema. "Nimekula kwao muda wote tuliofukua. Nimetafuta fitina kwenye bakuli, sikuiona. Niliona maharage. Na mimi nimemvuta yule binti kutoka kwenye tope, na alikuwa ameshika chumvi yetu. Ghala la mboga tutajenga lingine, kwa mikono, kama tulivyofukua barabara." Akakaa. Jengo likawa letu. Mwenyekiti, kwa furaha, akasema hoteli sasa ipate jina la heshima, iitwe Umoja, nasi tukashukuru, tukakubali. Tulikuwa tungekubali jina lolote.

Siku iliyofuata lilipanda basi la kwanza kutoka Mombo. Tulisikia honi yake likiwa bado kwenye kona za chini. Tulitoka nje tukiwa na aproni zetu, hatujui kama litasimama au litapita moja kwa moja mpaka sokoni. Lilipofika mbele yetu kondakta alijitokeza mlangoni, akapiga bati la ubavuni na kuita kwa sauti ya kuimba, "Njia Hakuna! Njia Hakuna! Wa Njia Hakuna washuke wakale!" Na watu wakashuka. Walishuka wengi, watu wa Korogwe, watu wa Tanga, watu ambao hatujawahi kuwaona, wakisukumana, wakiuliza ni nani yule mama aliyempanga bwana mkubwa foleni. Habari zilikuwa zimeteremka mlima kabla ya magari. Tuligeuka, tukatazama juu ya mlango wetu, na ndipo tukakumbuka kibao. Bi Zaina alishika kiuno. "Ewe Hilda," alisema, "mimi Mwislamu tangu kuzaliwa, leo nimebatizwa!" Mama Hilda, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma, alicheka mpaka akaketi kwenye gunia la kabichi.

Mvua zilipokatika nilizifua zile kanga, nikazipiga pasi, nikazikunja, nikaenda Mlalo peke yangu. Mzee Natanaeli alinipokea vizuri, na safari hii ni yeye aliyenikaribisha kiti. Nilikaa, nikanywa maji, nikamshukuru, nikamkabidhi. Elia alioa mwaka uliofuata, mtu mwema, na baadaye wakishuka mjini na mkewe walikuja kula kwetu, nami niliwahudumia kwa moyo mweupe. Mimi nami niliolewa kwa wakati wangu, na mtu aliyenikuta jikoni na hakuniuliza nitatoka lini. Lakini hayo ni ya miaka mingine.

Fundi wa barabara alirudi kuchukua kibao chake cha serikali. Bi Zaina alimkalisha, akampa chai, viazi na mchuzi wa nyama, akamwongeza, na aliposhiba akamwambia kwamba kibao hakitoki, ila rangi yake ni mbaya. Fundi alikuna kichwa. Kisha akaenda kuleta ngazi na kopo la rangi nyekundu, akayaandika maneno yale upya, kwa herufi zilizonyooka, sisi tukimwelekeza kutoka chini, huyu hivi, yule vile. Alikuwa bado juu ya ngazi lilipokuja lori geni kutoka milimani likiteremka na shehena ya mbao. Dereva alisoma, akashika breki mpaka lori likatikisika, akatoa kichwa dirishani, uso umemsawijika kwa hofu ya safari iliyoharibika. "Mama!" alimwita Bi Zaina aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kidevu juu, kama mwenye mlima wote. "Kumbe njia hakuna?"

"Njia ipo, mwanangu," akajibu Bi Zaina. "Ila shuka ule kwanza."